Kwenda Mtaa wa Nasser Kutafuta Rola

Kalenda haina rafiki baada ya Krismasi. Mteja aliyeagiza 2,000 kwa ajili ya waumini wake akizipata katikati ya Januari hazichukui, na mpiga chapa hubaki na rundo la karatasi nzito zenye tarehe ambazo nyingine zimeshapita. Kwa hiyo Novemba ile, mashine yetu ya Bukoba ilipoanza kutoa picha zenye vivuli, hapakuwa na nafasi ya kuagiza spea Ulaya na kukaa kungoja.

Mashine ni Heidelberg GTO 52 ya rangi moja. Wajerumani walianza kuuza aina ya GTO mwaka 1972. Hii ya kwetu ilitoka kiwandani 1986, ikafanya kazi hukohuko kwao, ikauzwa, ikapita Dar es Salaam, na ilipofika huku ziwani ilikuwa mtu mzima tayari. Inakula karatasi ya sentimeta 36 kwa 52, na ikiwa na afya njema inaweza kupiga hadi 8,000 kwa saa, ingawa sisi tukipata 5,000 tunashukuru. Rangi moja maana yake ni kwamba picha ya rangi kamili lazima ipite ndani ya mashine mara nne: njano kwanza, halafu majenta, halafu sayani, mwisho nyeusi. Kila mara karatasi inatoka, inakaa, inakauka, inarudishwa. Na kila inaporudi lazima itue palepale ilipotua mwanzo. Ikihama robo ya milimita tu, mtu yeyote anaona picha imeharibika, hata kama hawezi kukuambia imeharibikaje.

Zetu zilikuwa zinahama. Ukingo wa mbele, ule ambao vidole vya chuma vinaukamata na kuuvuta ndani, ulikuwa sawa kabisa. Ukingo wa nyuma, tunaouita mkia, tarehe zilikuwa na vivuli na nyusi za padri aliye kwenye picha zilionekana mbili mbili. Juu ya hilo, michirizi hafifu ilikata karatasi kwa upana. Juu ya hilo tena, wino ulikuwa umegoma kukauka: ukipitisha kidole kwenye kazi ya jana, kinatoka kimechafuka. Fundi wetu, kijana mwenye mikono mizuri sana, alichomoa rola moja ya wino, akaibonyeza kwa kucha, akanitazama. "Bosi, hizi zimeshakuwa mfupa."

Kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,300. Kampala ni kama 300. Watu wa Kagera tumezoea hesabu hiyo tangu zamani. Kwa miaka mingi hata umeme wetu ulitoka upande ule, ukishuka kwenye njia ya kilovolti 132 kutoka Masaka mpaka Kyaka, wakati sehemu kubwa ya nchi ilikuwa kwenye gridi ya Taifa. Umeme ukipepesa Uganda, mota yetu ya fezi tatu ilinguruma Bukoba, na aliyekuwa karibu na swichi alikimbia kuizima kabla haijaungua. Kwa hiyo nilifunga begi la kwenda Kampala: karatasi zilizoharibika, rola moja kama sampuli, flashi yenye kazi ya kalenda, na namba ya mashine niliyoinakili kutoka kwenye kibati chake. Namba hiyo ni kitambulisho. GTO mbili zinazofanana kabisa kwa macho zinaweza kutofautiana ncha za rola au beringi zake, na muuzaji wa spea asiyekuuliza namba ya mashine hafai kupewa hela.

Basi liliondoka alfajiri. Kyaka tulivuka mto Kagera, pale ambapo daraja la zamani lilivunjwa na majeshi ya Idi Amin Novemba 1978. Mtu wa rika langu hapiti hapo bila kugeuza shingo kuangalia maji. Mpakani Mutukula, maofisa wa Tanzania na wa Uganda wanakaa ndani ya jengo moja, jambo ambalo limepunguza sana usumbufu wa zamani wa kupanga foleni mara mbili. Nilieleza mapema kwamba rola ile ni sampuli kuukuu na kwamba naweza kurudi na nyingine. Afisa aliigeuza mkononi, akauliza ni ya kazi gani. Nikamwonyesha karatasi moja ya kalenda, nikamwonyesha michirizi. Akaielewa mara moja, akasema hata fomu zao wenyewe huwa anaziona hivyo.

Baada ya Masaka barabara inajaa malori. Pale Lukaya abiria walinunua nyama choma na gonja kupitia madirishani, kisha tukaingia kwenye matope na mafunjo ya Lwera, ambako mafuriko ya Mei 2023 yaliifunga barabara hii kwenye daraja la Katonga, halafu tukavuka mstari wa Ikweta Kayabwe. Nilikuwa nawaza karatasi. Karatasi nzuri ya kuandikia na kupigia chapa inayotumika Kampala inashushwa Mombasa na kusafiri zaidi ya kilometa 1,100. Ya kwetu Bukoba inashushwa Dar es Salaam na kusafiri zaidi ya hapo. Haikupangwa iwe hivi. Kenya ilifungua kiwanda cha Webuye mwaka 1974, nasi tukafungua cha Mgololo, Mufindi, mwaka 1985, na kwa miaka kadhaa mpiga chapa wa Afrika Mashariki aliweza kufungua rimu iliyotengenezwa kwa miti ya kwao. Webuye kilifungwa 2009, na ingawa kilikuja kununuliwa na kufufuliwa baadaye, enzi ile haikurudi. Mgololo sasa hutengeneza karatasi ngumu ya kahawia, ya mifuko na ya kufungia bidhaa. Sioni sababu ya kulinyamazia jambo hili: mtu anayepiga chapa vitabu vya shule huku kwetu, bei yake inaamuliwa na meli.

Kwenye basi nilimfikiria pia Alexander Mackay, mmishonari wa Church Missionary Society (CMS) aliyefika Buganda mwaka 1878. Alikuwa mhandisi kwa elimu, na alipiga chapa kurasa za Kiganda kwa mashine ndogo ya mkono. Alipolazimishwa kuondoka mwaka 1887 alihamia Usambiro, kusini mwa ziwa, upande ambao leo ni Tanzania, akaendelea na kazi ya kutafsiri na kupiga chapa mpaka alipofariki Februari 1890. Kitu kikimvunjikia hakuwa na mtaa wa kukimbilia. Alikaa na moto na tupa, akakitengeneza mwenyewe.

Mimi nilikuwa na mtaa wa kukimbilia. Mtaa wa Nasser, Kampala, umepewa jina la Gamal Abdel Nasser, rais wa Misri, na unakwenda sambamba na Mtaa wa Nkrumah, jirani na stesheni ya reli. Si mrefu. Lakini kila mlango ni uchapaji, na nyuma ya kila mlango kuna korido, na ndani ya korido kuna milango mingine, na ngazi za kushuka chini ambako mashine nzito zimewekwa kwa sababu sakafu ya juu haiwezi kuzibeba. Ukishuka kwenye bodaboda vijana wanakupokea: "Ssebo, kadi? Risiti? Mihuri?" Ukutani kuna mabango ya Gaddafi na Obama, na ya wanasiasa wa nchini, yanayopigwa haraka na kuuzwa kote. Mtaa huu una sifa mbaya pia, ya vyeti vya kughushi, na polisi huja mara kwa mara. Sifa hiyo inawauma wapiga chapa waaminifu, ambao ndio wengi. Nilichokiona mimi ni watu wanaokata, wanaokunja, wanaobandika, wanaosukuma mikokoteni ya rimu katikati ya magari, na sauti ya pampu za hewa isiyokatika tangu asubuhi hadi usiku.

Nilielekezwa kwa mzee mmoja, fundi wa mashine za ofseti, ambaye karakana yake iko chini ya ngazi. Alijifunza Kiswahili na kazi yake Nairobi, Industrial Area, akiwa kijana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, Mtanzania. Mashine gani?"

"GTO 52, rangi moja. Ya 1986."

"Hiyo bado ina nguvu. Inasumbua nini?"

Nikaanza kumweleza habari za rola. Akaninyamazisha kwa mkono, kwa upole. "Rola baadaye. Nipe karatasi."

Ningependa kila mpiga chapa kijana angekuwepo kuona alichokifanya. Alitandaza karatasi tatu juu ya meza, akauliza upande wa vidole ni upi, akautia alama ya penseli. Akachukua lenzi yake ndogo, ile ya kukunja, akainama mpaka paji la uso likakaribia meza. Alianzia upande wa vidole, akaenda polepole mpaka mkia. Ukitazama picha iliyopigwa chapa kwa lenzi, picha inapotea, zinabaki nukta: maelfu ya nukta za njano, majenta, sayani na nyeusi, kila rangi kwa pembe yake. Fundi anayejua anazisoma. Nukta ikiwa imevutika na kuwa ndefu, blanketi, yaani ule mpira unaopokea picha kutoka kwenye pleti na kuihamishia kwenye karatasi, limelegea au limejazwa karatasi nyingi mno chini yake. Nukta ikiwa na pacha wake hafifu pembeni, karatasi inateleza ndani ya vidole. Akanipa lenzi nitazame mwenyewe.

"Unaona? Nukta zako ni za duara. Hazikuvutika, hazina pacha. Vidole vyako ni vizima na blanketi lako ni zima. Usiguse."

"Sasa mkia unahama kwa nini?"

"Hauhami. Unapanuka." Akaweka rula. Upande wa vidole, alama za pembeni za rangi zote nne zilikaa juu ya mstari mmoja. Upande wa mkia, alama ya kushoto ilikuwa imekwenda kushoto na ya kulia imekwenda kulia, kila rangi kwa kiasi chake. Karatasi ilikuwa inakunywa maji ya mashine, inatanuka, na kwa kuwa mbele imeshikwa na vidole, inatanukia nyuma. Rangi ya kwanza ilipigwa karatasi ikiwa kavu. Ya nne ilipigwa ikiwa imeshapanuka.

Akachana kipande cha mraba kutoka kwenye karatasi yangu, akakilowesha upande mmoja kwa kidole, akakiweka mezani. Baada ya muda mfupi kikajikunja kuwa bomba dogo. "Nyuzi za karatasi zinalala kufuata bomba," alisema. Akakigeuza kulinganisha na karatasi nzima. Nyuzi zilikuwa zinakwenda upande mfupi, kutoka vidoleni kwenda mkiani. Karatasi hupanuka kidogo sana kwa urefu wa nyuzi zake na hupanuka zaidi kwa upana wake, kwa hiyo karatasi yetu ilikuwa inapanuka hasa kule tusikoweza kurekebisha. Nyuzi zikilala kwa upande mrefu, sambamba na silinda, upanuzi mwingi unakwenda kwenye mzunguko wa silinda, na huko mpiga chapa ana namna ya kuufidia kwa kuongeza au kupunguza karatasi za kujazia chini ya pleti na blanketi.

Karatasi zetu zilikuja zimeshakatwa, kwenye rimu zisizosema lolote kuhusu nyuzi. Ndivyo zinavyouzwa kwa wapiga chapa wadogo. Na Bukoba inapata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka. Hewa yenyewe ni maji. Rimu ikifunguliwa ghalani na kuachwa wazi, kingo zake zinaanza kuyumba kabla haijagusa mashine.

Kuhusu wino usiokauka aliuliza swali moja tu: dawa ya maji tunaiweka kiasi gani? Nikamweleza tunavyoelekezwa na muuzaji, kwa vifuniko vya chupa. Akafungua droo, akanipa kijitabu cha karatasi za kupimia asidi. Maji ya mashine ya ofseti yanatakiwa kuwa na asidi kidogo, pH ya kati ya 4.8 na 5.5 hivi, ili sehemu za pleti zisizo na picha zikatae wino. Ukizidisha dawa asidi inapanda, na asidi hiyo inaviua vikaushio vilivyomo ndani ya wino. Kazi inatoka nzuri, inang'aa, na haikauki kesho wala keshokutwa. "Usinunue wino mpya," alisema. "Pima maji kwanza."

Basi ikabaki michirizi, na hapo ndipo tulipofika kwenye rola. Aliichukua ile sampuli yangu, akaifuta kwa tambara lenye petroli, akaweka juu yake kipimo kidogo cha saa ambacho sindano yake inazama kwenye mpira. Rola ya wino inayogusa pleti, ikiwa mpya, inasoma kati ya 25 na 35 kwenye kipimo cha Shore A. Yangu ilisoma 52. Mpira ulikuwa umemeza wino mkavu na vumbi jeupe la chokaa linalotoka kwenye karatasi za kung'aa, mwaka baada ya mwaka, mpaka uso wake ukawa wa kuteleza na mgumu, usioweza tena kubeba wino kwa usawa. Kusafisha kwa mafuta ya taa kila jioni kunaondoa wino unaoonekana. Ule uliozama hauondoki.

Nyuma ya karakana alikuwa na GTO nyingine iliyofunguliwa, ambayo silinda yake ilipasuka ikiwa kwa mwenyewe na ambayo sasa inaliwa kipande kwa kipande na mashine nyingine za mjini. Rola zake zilikuwa zimevalishwa mpira upya muda si mrefu kabla ya ajali hiyo. Tulilinganisha namba, tukapima ncha kwa kalipa, tukapima ugumu wa kila moja mara kadhaa kwa urefu wake, maana rola inaweza kuwa laini katikati na ngumu pembeni. Moja aliikataa mwenyewe, kabla sijasema neno. Nyingine zilisoma 30 na 31. Bei aliyotaja haikuwa ndogo, nami sikuijadili sana.

Tulipokuwa tunazifunga kwa magazeti tuliongea habari za kazi. Zamani mpiga chapa mdogo alikula kwa vitabu vya risiti, akasema, na kwetu ilikuwa hivyohivyo. Tanzania ilianza kutumia mashine za risiti za kielektroniki mwaka 2010, Uganda ikaja na mfumo wake wa EFRIS, na kazi ile ikapungua mwaka hadi mwaka. Kadi za michango ya harusi zimehamia kwenye simu. Zilizobaki ni mitihani ya shule, lebo, vijitabu vya ibada, kalenda, na mabango wakati wa uchaguzi. Hizo zote zinataka ubora kuliko risiti, na zinapigwa kwa mashine zilezile zilizonunuliwa kwa ajili ya risiti. Lililomuumiza zaidi ni vijana. Alikuwa na wanafunzi wawili. Wote walipenda kukaa kwenye kompyuta kuliko kulala chini ya mashine na bisibisi. Hakuwalaumu, na mimi siwalaumu. Lakini nilipomtazama akiinama na lenzi ile nilihesabu kichwani ni wangapi tuliobakiwa nao wa namna yake kuanzia Kampala mpaka Mwanza, na hesabu ilikwisha upesi.

Asubuhi iliyofuata nilipeleka flashi kwenye ofisi inayotengeneza pleti moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta. Bukoba tunatoa picha kwa printa ya leza kwenye karatasi ya trasa, tunailaza juu ya pleti, tunaimulika kwa taa. Kwa maandishi inatosha. Kwa uso wa mtu haitoshi, kwa sababu weusi wa printa kwenye trasa hauzuii mwanga sawasawa na zile nukta ndogo kabisa, zinazofanya shavu lionekane shavu, zinakufa. Hapa leza iliandika kwenye alumini yenyewe. Pleti nne zilitoka moja baada ya nyingine, zikaoshwa, zikapakwa gundi ya kuzilinda zisichafuke njiani, gundi ya mti ule wa mgunga ambayo dunia inaipata kwa wingi kutoka Sudan. Niliziweka kati ya makadibodi na kuzibeba kwapani mpaka nyumbani. Pleti ikipinda kona, imekwisha.

Kisha karatasi. Mwenye duka la mtaa wa pili alinitolea karatasi ya kung'aa ya gramu 150, sentimeta 70 kwa 100. Kwenye lebo kulikuwa na mstari mdogo chini ya 100, alama ya uelekeo wa nyuzi, ambayo imekuwepo muda wote kwenye rimu kubwa na ambayo hupotea mtu anapoikata karatasi na kuifunga upya. Nilinunua rimu tatu za karatasi 250, nikasimama kando ya mashine ya kukatia mpaka kila moja ikagawanywa mara nne, 35 kwa 50, nyuzi zikilala kwa upande wa 50. Kila rundo lilifungwa kwa plastiki papo hapo. Zilikuwa kama kilo 80, na kondakta wa basi alizipakia baada ya maneno mengi.

Mutukula nilifungua kila kitu. Bidhaa za Afrika Mashariki zina nafuu ya ushuru zikiwa na cheti cha uasilia, lakini rola za Ujerumani na karatasi iliyotoka ng'ambo hazihesabiwi humo, hata kama zimenunuliwa Kampala kwa jirani. Nililipa, nikapewa risiti, nikapanda basi.

Nyumbani jambo la kwanza tulilofanya ni kupima maji. Kijikaratasi kilisoma chini kidogo ya 4. Tulimwaga yote, tukaosha tangi na mabomba, tukatengeneza mengine tukiongeza dawa kidogokidogo mpaka rangi ikasimama kwenye 5. Karatasi tulizipeleka ndani ya chumba cha mashine zikiwa bado kwenye plastiki, zizoee joto la chumba kabla hazijafunguliwa. Kufunga rola ndiko kulikochukua muda. Unaziweka, unazipaka wino, unashusha kila moja iguse pleti kwa sekunde moja mashine ikiwa imesimama, unainua, unatazama mstari uliobaki. Mstari unatakiwa uwe na upana wa milimita 4 hivi, sawa kutoka kushoto hadi kulia. Ukiwa mpana kulia na mwembamba kushoto, rola imelala upande mmoja. Ukiwa mpana kote, inakandamiza na itaila pleti. Kijana wetu alikuwa na bisibisi, mimi nilikuwa na rula na tochi. Skrubu ilizungushwa robo ya mzunguko, ikarudishwa nusu ya hiyo robo, tukapima tena. Hakuna aliyezungumza ila kutaja milimita.

Njano tuliipiga asubuhi, majenta mchana, na kila rundo likarudishwa ndani ya plastiki mara lilipotoka, badala ya kuachwa mezani usiku kucha likinywa hewa ya ziwa. Nyeusi ilipoingia, kijana alichomoa karatasi ya kwanza iliyokuwa sawa, hakuangalia padri, alikwenda moja kwa moja kwenye alama za mkia na lenzi niliyomletea. Zilikuwa zimekaribiana kwa unene wa unywele, kushoto na kulia. Akapunguza karatasi moja ya kujazia chini ya pleti, akapiga nyingine kumi, akaangalia tena, akawasha.

Kalenda 2,000 zilifika parokiani wiki moja kabla ya Krismasi, kavu. Sasa kijana anataka kipimo cha ugumu wa mpira kama kile cha mzee, na nimekiagiza. Anataka zaidi ya hicho. Kazi za mitihani zikipungua atakwenda Kampala kukaa kwenye karakana ile kwa mwezi mmoja, na mzee amekubali kwa simu, kwa sharti kwamba aje na nguo za kulala chini ya mashine. Nauli na hela ya chakula tumeshazitenga kutoka kwenye malipo ya kalenda, na kwa mwezi huo GTO nitaiendesha mimi.